Mngurumo Sikioni mwa Daktari

Daktari wetu alikuwa nusu kiziwi. Sisi tuliofanya naye kazi tulijua kwamba ukitaka ruhusa unaiombea upande wa kushoto, na ukitaka kumsengenya unasimama kulia. Mimi nilisimama kulia mara nyingi, kwa maana alikuwa mtu wa kunitia hasira, na hasira zangu ziko karibu. Lakini nilimpenda, na niseme hivyo mapema nisije nikaeleweka vibaya.

Hospitali ilikuwa upande wa Korogwe. Mkonge ulianzia nyuma ya ukuta wa jiko letu na kuendelea mpaka macho yachoke. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, watu wanahamia vijiji vya ujamaa, na mimi nilikuwa nesi wa chumba cha upasuaji, bado binti, najiona najua kila kitu. Daktari alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye kupigiwa pasi hadi leso, na Kiswahili chake kilitoka kama anakisoma ukutani. Alipokuwa mwanafunzi aliugua kifua kikuu, akachomwa sindano zilizomponya mapafu na kumharibu masikio. Kwa hiyo alivaa mashine ya kusikilizia. Siku hizo haikuwa kitu cha kufichwa nyuma ya sikio. Ilikuwa kisanduku ndani ya mfuko wa shati, na waya mrefu uliopanda shingoni hadi sikio la kushoto.

Mama yangu alikaa Kwedizinga, upande wa Handeni, na kazi yake, ukiacha kulima, ilikuwa kuimbisha. Kwenye shamba la pamoja, kina mama walipopanga mstari na majembe yao, yeye ndiye aliyetoa wimbo na wengine wakapokea, na majembe yalipanda na kushuka kwa sauti yake. Bwana shamba alikuwa anauliza kwanza kama mama yupo, ndipo apime sehemu ya kulima siku hiyo. Nyumbani hatukuwa na redio wala hatukuona tumepungukiwa.

Kisha akaota rovu, ule uvimbe wa shingoni. Tulizoea kusema rovu ni la watu wa milimani, wa Dindira na huko juu, kwa hiyo ndugu zake walimtania kwamba ameolewa Usambaani kwa siri. Yeye mwenyewe alilifunika kwa kanga na kuliita mgeni. Likakua taratibu, miaka ikapita, tukalizoea. Mwaka ule ninaousema, mgeni alianza kumkaba. Mama akawa analala ameegemea ukuta, kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Shambani, wimbo wa tatu ukawa unamshinda.

Nilipomwambia aje hospitali tumtoe lile rovu, hakuuliza kama litauma wala kama atakufa. Aliuliza, "Nitatoka na sauti yangu?"

Lilikuwa swali la haki. Nyuma ya rovu kunapita mshipa wa fahamu mwembamba kama uzi wa kushonea, na huo ndio unaoendesha sauti. Ukiukata, au ukiuunguza, mtu anabaki na mnong'ono maisha yake yote. Kwa sababu hiyo daktari hakuwalaza usingizi wagonjwa wa rovu. Aliwachoma ganzi shingoni, akawafunika uso kwa shuka iliyoinuliwa kidogo, akawaambia waongee. Wahesabu, wataje watoto wao, wasimulie ugomvi wa mpaka wa shamba, lolote. Yeye alikata huku anasikiliza. Sauti ikitetereka tu, mkono unasimama.

Mambo yalikwenda vizuri namna hiyo mpaka tulipoletewa mashine ya umeme ya kuunguza mishipa ya damu. Zamani kila mshipa uliovuja tuliufunga kwa uzi, fundo baada ya fundo, na damu bado inatoka. Sasa daktari alikanyaga pedali, ncha ya chuma ikatoa cheche, mshipa ukajifunga. Aliipenda ile mashine kama mtu aliyepata baiskeli mpya. Ila kila alipokanyaga pedali, waya wake wa sikioni ulidaka ule umeme ukamngurumia kama korona, ile mashine ya kiwandani inayosaga majani ya mkonge. Mbele ya korona hakuna mazungumzo. Akawa anaunguza haraka, ananyanyua mguu, anasikiliza, anakanyaga tena. Na kila alipokanyaga alikuwa anafanya kazi akiwa kiziwi kabisa.

Mwanamke mmoja wa Kerenge alitoka mikononi mwetu na mnong'ono. Huenda ulikuwa ule mngurumo, huenda rovu lenyewe lilikuwa limeshamla mshipa. Hakuna aliyejua, na daktari hakujitetea. Siku ile hakula. Lakini Korogwe ni ndogo. Mama alipokuja kupimwa alipitia sokoni, akakutana na yule mwanamke kwenye meza ya dagaa, na alipofika kwangu uso wake ulikuwa umebadilika.

"Yule mwenzangu ananunua dagaa kwa vidole," alisema. "Niambie kweli, mwanangu. Huyo daktari wenu akiwasha mashine yake hasikii?"

Sikuweza kumdanganya.

"Basi hanikati mtu asiyenisikia. Narudi zangu Kwedizinga, nikabwe na mgeni wangu."

Nilimfokea mama yangu mbele ya watu, jambo ambalo si la adabu, kisha nikaenda kumfokea daktari upande wa kushoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mama ana haki. Akasema pia kwamba rovu lenyewe limejaa mishipa minene ya damu, na akilitoa kwa uzi peke yake mama anaweza kuishiwa damu mezani, nasi damu ya kuongeza hatukuwa nayo. Alihitaji mashine, na alihitaji sikio. Kimoja kilikuwa kinamuua mwenzake.

Ndipo akaitwa fundi umeme. Huyu alikuwa Mnyamwezi. Baba yake aliletwa manamba kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini na kujifunzia kazi kwenye karakana ya kiwanda. Alikuwa mfupi, mkavu, na alivaa kofia ya sufi hata jua likiwa la kupasua mawe. Alimkuta mama amekaa kwenye benchi la barazani, na kwa salamu tu kila mmoja akamjua mwenzake ni wa wapi.

"Mzigua," fundi akasema, "hicho kibuyu ulichomeza ni cha nani?"

"Cha baba yako," mama akajibu. "Alikisahau kwetu alipokuja kuomba chakula."

Daktari, ambaye alisimama karibu na safari hii alisikia kila neno, aliniuliza kwa wasiwasi kama tuite mlinzi. Nikamweleza kwamba Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Wakikutana hutukanana, hunyang'anyana hata sahani ya chakula, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Hata ukifa, mtani wako anakuja msibani kuiga ulivyokuwa unatembea, na waliofiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Daktari alifikiri kidogo, akasema kwao Bukoba watu hufa kwa utaratibu.

Mama alikubali kungoja, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeambiwa kama mngurumo umekwisha. Tukaanza kazi. Jioni, chumba kikiwa hakina mgonjwa, tulilaza paja la mbuzi juu ya meza. Fundi alichokonoa nyuma ya mashine, daktari aliunguza nyama huku ameinamisha sikio, na mimi nikawekwa kuwa sauti. Nilikaa kichwani mwa meza na barakoa yangu mdomoni, nikiongea. Harufu ya nyama choma ilitoka madirishani ikaingia wodi ya wanaume, na wagonjwa waliokuwa hawana hamu ya kula wakaanza kuulizia chakula cha jioni.

Ukimpa mtu kama mimi kazi ya kuongea mbele ya bosi asiyesikia, unajua kitakachotokea. Mguu wake ukiwa kwenye pedali nilimsema weee. Nilisema jinsi anavyojidai na leso zake, jinsi alivyoninyima ruhusa ya harusi ya binamu yangu, jinsi alivyo bahili wa likizo kana kwamba anazitoa kwenye mwili wake. Fundi alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Daktari aliendelea kuunguza mbuzi, mpole, haelewi kitu.

Fundi alianzia nje, kwenye waya wa ardhini, ule unaotakiwa kuumeza umeme usiohitajika. Fimbo yake ya shaba ilikuwa imechimbiwa nyuma ya jengo kwenye udongo mkavu kama unga, na udongo mkavu haumezi kitu. Akaichimbia chini zaidi, akashindilia mkaa na chumvi pembeni, akaniamuru niimwagilie kila asubuhi. Nikawa namwagilia chuma kama mchicha, wagonjwa wakinitazama. Kisha akashika nyaya mbili za mashine, zilizokuwa zimejilaza kando ya mkono wa daktari, akazisokota pamoja kama kamba na kuzipitisha upande wa pili wa meza. Bamba la chuma linalolazwa chini ya mgonjwa alilihamisha kutoka makalioni hadi chini ya bega, ili umeme usitembee mwili mzima kabla ya kurudi nyumbani kwake.

Wazo la karatasi lilikuwa la daktari. Stoo kulikuwa na masanduku matupu ya chai ya milimani, yale yaliyowekewa karatasi ya kung'aa kwa ndani ili chai isinywe unyevu. Akaibandua, akakifunga kisanduku chake cha kusikilizia ndani ya ile karatasi, akaufupisha ule waya mrefu na kukibana kisanduku kwenye kola kwa pini yangu. Alichekesha kumtazama. Yeye na fundi wakawa wanapeana nyaya na kugombana na kupatana kama watoto wa jirani, na nilianza kuchelewa kurudi nyumbani bila kulalamika.

Jioni moja nilikuwa kwenye habari za likizo, paja la mbuzi linatoa moshi, pedali imekanyagwa. Daktari akainua kichwa.

"Bahili ni nani?" akauliza.

Nilitamani sakafu inimeze. Fundi akapiga makofi.

Tulifurahi haraka mno, kwa sababu siku hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu mngurumo ulirudi. Fundi alitoka nje akasimama ameshika kiuno, akasikiliza upande wa kiwandani, ambako korona ilikuwa inasaga mkonge kwa umeme wa laini ile ile yetu. Korona hatukuwa na uwezo wa kuinyamazisha. Ikaamuliwa mama apasuliwe Jumapili, kiwanda kikiwa kimelala.

Hata Jumapili haukwisha wote. Ulibaki mvumo kama wa nyuki walio mbali. Daktari alimwendea mama mwenyewe barazani, akamwambia bila kuficha, "Nitakusikia, mama, ila uongee kwa nguvu. Ukinong'ona nitakupoteza." Mama akasema hilo si tatizo, na mimi nilicheka, kwani mama yangu alipokuwa anaita mbuzi kijiji cha pili walikuwa wanaitika.

Siku ilipofika daktari alitoka misa ya kwanza akaja moja kwa moja. Mama alikuwa ameshaswali, ametulia. Fundi alisimama pembeni kuangalia mashine, amevishwa gauni lililomfika vidoleni, kofia ya sufi imefunikwa na ya hospitali. Ganzi ikachomwa, shuka ikainuliwa, shingo ikafunguliwa.

"Mama, ongea," daktari akasema.

"Ndiyo, baba," mama akajibu, kwa sauti ya bi harusi.

Akaanza kuhesabu, chini chini, heshima tupu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilimfikiria mama wa shambani, nikamsahau mama aliyelazwa mgongo umeinuliwa kwa mito ili apumue, kifua wazi, mbele ya mwanamume mkubwa na msomi. Mwanamke wa kwetu hapayuki akiwa katika hali ile. Nikamwinamia, nikamwambia aimbe. Akaniuliza nimemwona wapi mtu mzima anaimba amelala mbele za watu. Nikamsihi, nikamkaripia, na kila alipozidi kuona haya sauti ilizidi kuzama. Damu ilikuwa imeanza kujaa. Daktari alikanyaga pedali, akanyanyua mguu, akanitazama juu ya barakoa.

"Simsikii," alisema.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile katika kazi yangu yote.

"Daktari, usijisumbue," fundi akasema kutoka pembeni, kwa sauti ya mtu anayejadili hali ya hewa. "Huyu akifa mimi ndiye mrithi. Kuku wake nitawala wote. Kanga zake nitamvisha punda."

 Chini ya shuka sauti ya mama ikapanda, ile yenyewe, ya shambani.

"Punda huyo ni dada yako?"

Nyusi za daktari zilipanda. Akakanyaga pedali. "Endelea," akasema. "Msinyamaze."

Hawakunyamaza. Fundi alisema Wazigua walipogawiwa akili walikuwa wamelala. Mama akasema Wanyamwezi walikuwepo, ila walibebeshwa wakazipeleka kwa wenyewe pwani. Ukoo wa kila mmoja ulifukuliwa hadi babu wa tatu. Kisha mama akamtungia wimbo, pale pale, wa Mnyamwezi mfupi aliyevaa kofia ya sufi akaiva kichwa kama kiazi, na aliutupa kama tupo kwenye mstari wa majembe, nasi tuliokuwa mle ndani tukajikuta tunapokea chini ya barakoa zetu. Daktari hakuimba. Alikata, akaunguza, akasikiliza. Upande wa kulia wa rovu ukatoka. Akahamia kushoto.

Katikati ya ubeti sauti ikakatika. Mama hakuwa amenyamaza. Midomo iliendelea kwenda, lakini kilichotoka kilikuwa upepo. Mguu wa daktari ulikuwa kwenye pedali, mashine inavuma, na bado alisikia kabla yangu. Nilikuwa bado najiuliza nimesikia nini, tayari mguu umenyanyuka na mkono wake wa kushoto umefungua koleo alilokuwa amelibana muda huo huo. Hakugusa kitu kingine. Sote tulisimama tulipokuwa.

Ilikuwa zamu ya fundi kutukana. Nikamgeukia. Alikuwa ameshika pembe ya mashine kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yanamshuka yanaingia kwenye barakoa.

"Mtani," mama akasema. Ulikuwa mnong'ono, ule ule wa mwanamke wa Kerenge. "Mtani, mbona umenyamaza?"

Fundi alijaribu, akashindwa. Baadaye mama aliniambia kwamba hapo ndipo alipoogopa. Kisu hakukiogopa, wala damu aliyoisikia ikimtiririka kisogoni. Lakini mtani hanyamazi hata ukiwa maiti, kwa hiyo yeye, amelala pale gizani chini ya shuka, alijua limempata jambo kubwa kuliko kufa.

Fundi akajifuta kwa mkono wa gauni. "Nakungoja wewe, Mzigua," akasema, na sauti yake ndiyo iliyokuwa mbovu kuliko zote. "Nimekwisha matusi. Zamu yako."

Mama akavuta pumzi. Kikatoka kitu kama mchanga. Akavuta tena, na safari hii kulikuwa na uzi wa sauti ndani yake, mwembamba, ukakatika, ukaunga, ukanenepa.

"Mnyamwezi mjinga wewe," mama akasema.

Daktari alifumba macho. "Rudia," akamwambia.

"Mnyamwezi mjinga wewe."

Akachukua uzi, akakifunga kipande kidogo cha rovu kilichoulalia ule mshipa wa sauti, si kikubwa kuliko harage, akakiacha mahali pake bila kukigusa tena. Kila kilichobaki alikifunga kwa mkono. Akamwambia fundi azime mashine, na mashine ikazimwa. Nje kiwanda kilikuwa kimelala. Hapakuwa na mngurumo wala mvumo mahali popote, kazi ya kusikiliza ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwandalia sindano ya kushonea ngozi. Hakuipokea. Alikuwa ameinama juu ya mama yangu, sikio la kushoto karibu kabisa na ile shuka.

"Rudia tena, mama," akasema.